Kanda za Harusi za Shangazi

Shangazi yangu wa Langoni, Lamu, alikuwa mpiga video wa harusi, tena za kina mama peke yao. Usiku wa kupamba, bibi harusi anapotolewa amejaa dhahabu na asmini, mwanamume haruhusiwi kuona hata picha. Ndiyo maana aliponiita mwaka 2014 nimtazamie kompyuta iliyokuwa ikiganda, sharti lilitangulia chai: "Mwanangu, nisaidie, lakini humo ndani hufungui kitu."

Nikakubali. Kulikuwa na skripti, programu fupi ya lugha ya Python, aliyoandikiwa na kijana mmoja ambaye alishahamia Mombasa. Kazi yake nyepesi: kuchukua video moja moja, kuiita ffmpeg, programu ya kugeuza video, iigeuze iwe faili la MP4, kungoja imalize, kisha kushika nyingine. Vipande vifupi vilipita. Virefu vilikwama vyote baada ya dakika chache, na kompyuta ikakesha inawaka bila kufanya lolote. Shangazi alishika kwamba ni joto. Alishaiwekea na feni.

Joto lilisingiziwa. Kwenye top, orodha ya programu zinazoendeshwa, ffmpeg ilikuwa hai lakini haigusi prosesa hata kidogo. Nikaichungulia kwa strace, chombo kinachoonyesha programu inaomba nini kwa mfumo wa kompyuta, ikatoa mstari mmoja tu: write(2, yaani ombi la kuandika, halafu herufi za frame, time, bitrate, basi. Mwito umeanza, haurudi. Namba 2 ni njia ya kutolea makosa, na humo ndimo ffmpeg hutangaza ilipofika, karibu kila nusu sekunde. Kijana aliiunganisha njia hiyo na paipu, mfereji wa kupitishia maandishi kutoka programu moja hadi nyingine, ili skripti ipate kusoma makosa, lakini akaiamuru ingoje kwanza ffmpeg iishe ndipo isome. Paipu ya Linux, mfumo wa kompyuta hiyo, kwa kawaida hubeba kilobaiti 64. Ikijaa, anayeandika husimamishwa mpaka anayesoma apunguze. Basi ffmpeg inangoja isomwe, skripti inangoja ffmpeg iishe: punda wawili wenye shehena uso kwa uso katika kichochoro cha Mkomani, hakuna anayerudi nyuma. Video fupi zilinusurika kwa kuwa zilimaliza kabla paipu haijajaa.

Kutumia communicate(), amri ya Python inayosoma huku inasubiri, kungetosha. Mimi nikaona bora taarifa zote ziandikwe kwenye faili, zisomeke hata kesho. Nikaiwasha, nikaenda kuswali isha.

Niliporudi imekwama tena, safari hii kwenye video ya kwanza kabisa. Nikafungua lile faili. Mstari wa mwisho ulikuwa swali: MP4 ya jina hili ipo tayari, iandikwe upya? Yale mabaki ya usiku uliopita yalikuwa bado kwenye folda, na ffmpeg, kwa adabu zake, ikaomba ruhusa ndani ya faili asilolitazama mtu, ikawa inangoja jibu la kibodi. Nikaongeza -y kwenye amri ya ffmpeg isiulize, na mlango wa kuingizia nikauelekeza /dev/null, faili lisilo na kitu la mfumo, ili programu yoyote itakayotaka kuuliza ikute hakuna mtu.

Uliobaki ni ukomo wa muda, na hapo tulibishana. Python yake ilikuwa toleo la 2.7, ambalo subprocess yake, sehemu ya kuendeshea programu nyingine, haina ukomo. Huo ulikuja na toleo la 3.3. Nikatanguliza amri ya timeout: ukipita muda wa saa sita ffmpeg iambiwe kwa TERM, ishara ya kuomba, ifunge kazi, ikikaidi sekunde 30 ipigwe KILL, ishara isiyokataliwa.

"Utaikatiaje harusi ya watu katikati?" akauliza.

"Shangazi, ya asili haiguswi. Inakatwa nakala tu, ili zilizo nyuma yake zipite."

Hakuridhika, ila aliniacha.

Asubuhi zote zilikuwa tayari isipokuwa moja iliyokatishwa na saa. Nikamsomea jina la faili. Akafikiri kidogo, akaendelea kumimina chai.

"Hao hawajanilipa mpaka leo," akasema. "Iache hivyo hivyo."