Nilivyozuia maji kwenye nyaya za taa za trela
Kila mvua iliponyesha, indiketa ya trela ilizima, ingawa balbu na fyuzi zilikuwa nzima. Nilipobandua tepu kwenye maungio nyuma ya gari, shaba ilikuwa imeota unga wa kijani. Tepu peke yake haizuii maji, huyafungia ndani.

Nilikata waya hadi shaba inayong'aa, nikavisha mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani, nikaunga, kisha nikausogeza mrija juu ya maungio na kuupasha joto mpaka gundi ikachungulia pande zote mbili. Hapo ndipo unajua pameziba.

Ethi, yaani waya unaofungwa kwenye fremu ili umeme urudi, ndiyo ya kuangaliwa zaidi: nilikwangua rangi ya fremu, nikakaza boliti, nikapaka grisi juu yake. Mwisho nililegeza waya kidogo karibu na soketi, uning'inie, maji yadondokee chini kabla ya kuifikia.