Mwanangu alikuwa amekariri kitabu kizima

Mwanangu wa pili ana jina la baba yangu mzazi, kwa hiyo nyumbani tunamwita Baba. Mwaka 2024 Baba alikuwa darasa la nne katika shule ya serikali hapa Kigoma Mjini, na alikuwa hajui kusoma. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nilikaa miaka miwili nikiwaambia watu "anasoma polepole", na miaka hiyo miwili naijutia mpaka leo.

Nauza dagaa na mawese soko la Mwanga. Mume wangu ni mvuvi, chombo chao kinatokea Kibirizi. Yeye anaondoka jua likizama, mimi narudi jioni miguu imevimba. Siku nilizofungua daftari la mtoto nilikuta mwandiko mzuri, umenyooka, nikaridhika. Sikujua kwamba alikuwa ananakili ubaoni herufi moja moja, kama mtu anayechora maua. Ripoti ndiyo ilisema mengine: wa 88 kati ya wanafunzi 97. Mwalimu mmoja akaniambia, "Mama, huyu mtoto mzito, mtafutie tuisheni."

Nikamtafutia. Shilingi 500 kwa siku, baada ya masomo na Jumamosi asubuhi, kwenye nyumba ambayo haijapigwa lipu, watoto zaidi ya hamsini wa madarasa mchanganyiko. Kijana aliyekuwa anafundisha simlaumu, naye alikuwa anatafuta riziki, na watoto waliokuwa wanajua kusoma walifaidika. Ila kazi yenyewe ilikuwa hivi: anaandika maswali ya mitihani ya nyuma, wananakili, anaandika majibu, wananakili. Na kunakili Baba alikuwa anakujua tayari. Nililipa karibu mwaka mzima.

Kilichonizuia kulipa ni ziwa. Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika lote, upande wetu na wa Burundi, Kongo na Zambia, miezi mitatu mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Kwa nyumba kama yetu maana yake mume yuko nyumbani na mimi nabaki na mawese peke yake. Tuisheni ikawa ya kwanza kukatwa. Nilipomwambia Baba kwamba haendi tena, alishusha pumzi, mabega yakalegea, akatoka kwenda kucheza. Hakuuliza kwa nini. Usiku ule sikulala vizuri.

Mteja wangu mmoja wa Ujiji ndiye aliyenipa njia. Alinisikia nikilalamika, akasema mtaani kwao kuna mwalimu mstaafu, bibi aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, na jioni anakaa na watoto wachache barazani kwake. Nikamchukua mwanangu, tukapanda daladala.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibuni mkekani."

Hakuniuliza mtoto amekuwa wa ngapi. Alileta kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza, kimechakaa, akamwambia Baba asome. Baba akasoma ukurasa wa kwanza wote bila kukwama. Nikajisikia vizuri, nikaanza hata kufikiri nimemwonea mtoto bure. Mwalimu hakusema kitu. Alifunika mstari kwa kiganja, akaacha neno moja la katikati likionekana kati ya vidole viwili. "Hili ni neno gani?" Baba akanyamaza. Mwalimu akasogeza kidole, likaonekana neno jingine, ambalo Baba alilitamka sekunde chache tu zilizopita. Kimya. Kisha nikamwona midomo inacheza: alikuwa anausema ukurasa kimoyomoyo tangu mwanzo, alifikie lile neno kwa kuhesabu.

Kitabu kizima alikuwa amekikariri kwa kuwasikiliza wenzake. Mtoto waliyekuwa wanamwita mzito.

Baada ya hapo yule bibi akaandika kwa chaki sakafuni. Ba, be, bi, bo, bu: akasoma. Ma, ka, ta: akasoma. Da: akasema "ba". Mba: hakuna. Nya, ng'o, ndi, kwa, cha: hakuna. Akafuta mikono, akaniuliza nyumbani tunaongea lugha gani. Nikamweleza kwamba sasa tunaongea Kiswahili, lakini Baba amelelewa na mama yangu kijijini Kasulu mpaka umri wa kuanza shule, na huko ni Kiha tupu. Akatikisa kichwa taratibu. "Mwaka ule wenzake wanajifunza kusoma, yeye alikuwa anajifunza lugha. Walipofika kwenye silabi zinazoanza na herufi mbili, kama mba na nya, walimwacha pale. Darasa la nne halijamshinda, mama, hajalifikia."

Swali lake la mwisho lilikuwa kama tumempima macho na masikio. Hatukuwa tumempima. Akasema hamchukui mpaka nimpeleke. Tulikwenda Hospitali ya Maweni. Macho mazima, sikio la kushoto lilikuwa limezibwa na nta iliyokauka, wakalisafisha. Sidai kwamba hilo ndilo lililokuwa tatizo, lakini ile tabia yake ya kusema "eeh?" kila ukimwita ilikwisha wiki ileile, na mimi miaka yote nilikuwa namgombeza kwa utovu wa adabu.

Masomo yalikuwa siku tatu kwa wiki, dakika arobaini, watoto sita tu. Mwalimu alikataa kuwachelewesha zaidi ya hapo, alisema mtoto akichoka anaanza kubahatisha, na kubahatisha ndiko tunakokuondoa. Malipo tulikubaliana 10,000 kwa mwezi. Ziwa lilipokuwa limefungwa alikubali nimpelekee mawese, tutahesabiana baadaye. Kila wiki silabi mpya mbili au tatu, hazidi. Herufi b na d, ambazo Baba alikuwa anazigeuza, alimfanya aziandike mchangani kwa kidole huku anazitamka kwa sauti, d wiki nzima peke yake kabla ya kuirudisha b pembeni yake.

Kazi ya nyumbani ilikuwa yangu, na hapa ndipo nilipojifunza mengi. Mwalimu aliniambia nisimnunulie kitabu, nitumie maneno anayoyajua mdomoni. Nikakata maboksi ya sabuni, nikaandika: mgebuka, kuhe, ndoo, nyavu, mwalo, chanja, mashua, ng'ombe. Neno "mgebuka" lilimkaa siku ya kwanza kwa sababu samaki mwenyewe anamjua kuliko mimi. "Mwalo", yaani pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, lilimsumbua siku nne. Anasoma "ma", anasimama, anasoma "lo", anatabasamu akidhani kamaliza. Siku ya tano, tukiwa tunakula, alikichukua kile kipande cha boksi mwenyewe, akakisogeza karibu na taa, akasema polepole, "mwa... lo. Mwalo! Mama, si pale Kibirizi?" Baba yake aliweka tonge chini.

Dada yake, wakati ule darasa la saba, alikuwa anasoma naye kila usiku kurasa mbili: kwanza anasoma dada, halafu wanasoma pamoja, halafu Baba peke yake. Ila tulikubaliana kitu kimoja, na kilikuwa kigumu kukishika: hakuna kumcheka, na hakuna kumwambia neno kabla hajajaribu. Mimi ndiye niliyekuwa navunja mara kwa mara, kwa haraka zangu.

Shuleni nilikwenda pia, nikamwona mwalimu wa darasa. Niliogopa, maana ana watoto 97 na mimi namwongezea kazi. Nilimwomba mambo mawili tu: akae mbele, upande ambao sikio lake la kulia linamwelekea mwalimu, na asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake mpaka mimi niseme yuko tayari. Alikubali palepale. Akaniambia na yeye kwamba mtoto akifundishwa vizuri na asisogee kabisa baada ya miezi michache, niende halmashauri kwa afisa wa elimu maalumu nimwombee upimaji, kwa kuwa wapo watoto wenye akili nzuri ambao herufi zinawachanganya tangu kuzaliwa, hali inayoitwa disleksia, na hao wanahitaji mtu aliyesomea. Hatukufika huko. Lakini wako wazazi wanaosoma hapa ambao wanahitaji kufika, na wasione aibu.

Yalikuwepo maneno mengine. Mjomba mmoja alisema mtoto katupiwa kitu, twende kwa mganga. Mume wangu naye, kabla hajamsikia akisoma "mwalo", alikuwa ameanza kusema bora akue kidogo aingie ziwani. Sikubishana nao sana. Niliendelea kukata maboksi.

Hesabu zilinishangaza. Sokoni Baba anarudisha chenji bila kukosea, anajua sado mbili na nusu, vile vindoo vya kupimia, ni bei gani kabla sijafungua mdomo. Kwenye mtihani alikuwa anapata sifuri kwenye mafumbo kwa sababu hakuweza kulisoma fumbo lenyewe. Mwezi wa tisa alianza kuyapata, na hakuna mtu aliyemfundisha hesabu mpya hata moja.

Upimaji wa darasa la nne aliufanya Oktoba. Asiyefikisha kiwango alikuwa anarudia darasa, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa nimeshamwambia kwamba kurudia si aibu. Matokeo yalipotoka Januari 2025 alikuwa amevuka. Kiingereza alipata E, Kiswahili C. Ile C niliipeleka Ujiji mwenyewe, na lita tano za mawese mapya.

Mpaka leo anasoma polepole, safari hii ni kweli. Akikutana na neno refu analikata kwa kidole kama alivyofundishwa. Bado anakwenda kwa Mwalimu mara moja kwa wiki, naye ameniambia wazi kwamba yeye hawezi kumfundisha Kiingereza, nimtafute mtu mwingine mapema kwa sababu sekondari masomo karibu yote ni kwa lugha hiyo. Nimeshawaona wawili. Wa kwanza aliniuliza mtoto amekuwa wa ngapi darasani. Wa pili alimpa karatasi, akamwambia, "Hebu nisomee hapa, nisikie unapokwama." Tunaanza naye Jumatatu.