Gavana au kamishna? Pwani ya Kenya
Wengi bado wanauliza "mkoa" wa Pwani. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 kazi za ugatuzi, yaani zile zilizotolewa serikali kuu na kupewa ngazi ya chini, ziko kwa kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Hiyo ya mwisho haigusi bahari hata kidogo. Makao yake makuu ni Mwatate. Ya Tana River ni Hola, mbali na Kipini ambako mto unaingia baharini.

Kosa linalopotezea watu nauli: kupeleka kila jambo kwa gavana, mkuu wa serikali ya kaunti. Leseni ya biashara, soko, zahanati na chekechea ni kaunti. Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa ni serikali kuu. Chifu naye yuko chini ya kamishna wa kaunti, mwakilishi wa serikali kuu huko, si gavana.