Dau la baba linauzwa, na linavuja

Tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, natafuta mtu wa kununua dau la marehemu baba. Liko Kigombe, njia ya kwenda Pangani, limelazwa ufukweni juu ya magogo ya mnazi na kufunikwa makuti. Wamekuja wanunuzi wanne. Watatu kati yao swali la kwanza lilikuwa moja: "Dada, hili linakubali mashine?"

Halikubali. Dau limechongoka mbele na nyuma, huko tezi, yaani nyuma, hapana pa kuifunga mashine. Mmoja akasema hilo dogo, atalikata nyuma apigilie ubao mpana, liwe kama mashua. Akanionyesha kwa kiganja msumeno utakapopita. Nilimkaribisha chai. Bei sikumtajia.

Urefu ni futi 18; baba angekwambia dhiraa 12. Mbao za ubavuni ni mvule. Mataruma, mbavu za ndani, ni ya mfenesi, na matawi yake baba aliyachagua mwenyewe, yaliyojipinda tangu mtini. Mlingoti upo, foromali ya kutundikia tanga ipo, makasia mawili, upondo mmoja wa kusukumia. Tanga ni la marekani, kitambaa cha pamba, limeshonwa kwa mkono, ila panya wamekula pembe moja.

Sasa aibu yake: linavuja. Ubao wa tatu kutoka kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, upande wa kushoto karibu na tezi, pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa, imetoka, na ukichomeka kisu cha jikoni kinazama nusu kidole. Kaka alishauri tulipake rangi ya bluu kwanza ndipo tuite watu. Wengi hufanya hivyo. Baba mwenyewe aliwahi kuuziwa mashua iliyong'aa rangi mpya, hata kisiwa cha Karange haijafika ikawa imejaa maji. Mimi rangi sinunui.

Maji ya dau hili nayajua, maana utotoni kazi yangu ilikuwa kuyafua, kuyachota na kuyamwaga nje. Tulitoka alfajiri kwa umande, upepo wa kutoka bara, tukarudi mchana kwa upepo wa baharini, na mimi na upo wangu wa kuchotea maji, uliokatika mkono. Nilipotoroka nikakae omo, kule mbele, nirushiwe matone, baba alicheka: "Tezi na omo, marejeo ngamani." Nikarudi ngamani, chini maji yanakokusanyika, ngozi ya miguu imejikunja kwa kulowa.

Mnunuzi wa nne ni mzee wa Tongoni, fundi. Nilimwamkia, akaitika, akavua kandambili, akapanda. Mashine hakuiuliza. Aligonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, sikio amelitega, mimi nimenyamaza makusudi. Kwenye ule wa tatu akasita, akanitazama.

"Hapa, mwanangu."

"Ndiyo hapo, babu."

Akanihesabia: ubao mmoja, misumari, pamba, sifa, mafuta ya papa, ya kupaka. Kisha atachoma makuti chini ya chombo kuua wadudu wanaotoboa mbao, amalizie na shahamu, mafuta ya mnyama. Siku nne, kama mvua haikunyesha. Shida ni pesa. Ana laki tatu mkononi, zilizobaki atanipa kidogo kidogo akishaanza kuvua.

Kaka anataka tumngojee mwenye mashine na fedha taslimu. Haki yake, dau ni letu sote. Lakini juzi mzee alipopita nimempa tanga aende nalo, akaitie kiraka ile pembe iliyoliwa na panya. Kaka bado sijamwambia.