Ukweli usiopingika mara nne

Juzi usiku sikulala vizuri, na wala sio baridi (ingawa Mbeya ya mwezi wa sita mnaijua, blanketi mbili na soksi juu), ni insha ya mwenzangu. Mwalimu katubadilishia kazi, kila mtu asome ya jirani aandike anachokiona, mimi ikaniangukia ya jamaa ninayekaa naye benchi moja toka mwaka wa kwanza, mtu poa sana, hata vocha huwa ananikopesha. Mada yake ni kwa nini mkulima wa viazi hatoki kwenye umaskini. Jibu kaliweka sentensi ya kwanza kabisa: ni ukweli usiopingika kwamba wakulima wetu hawajishughulishi kujifunza biashara. Baada ya hapo kurasa mbili nzima hamna mkulima hata mmoja. Hamna bei, hamna kijiji, hamna gunia. Kuna "kila mtu anajua", kuna "tafiti zinaonesha" (za nani, lini?), na huo ukweli usiopingika nimeuhesabu, umetokea mara nne.

Sasa mimi kwetu ni Umalila, huku huku Mbeya vijijini. Viazi ndo vimenifikisha hapa chuoni. Nikashika penseli nikaandika pembeni "muongo wewe", afu nikafuta maana mwalimu ataona, nikaandika "umejuaje?" Nikalipenda hilo swali, nikalirudia kila aya.

Jana asubuhi nikamkabidhi. Akasoma akacheka. "Kaka, si wametuambia tuandike maoni? Maoni ni yangu, ushahidi wa nini tena?" Nikamwambia ukisema viazi vya kuchemsha ni vitamu kuliko chipsi hayo ni maoni, sikuulizi kitu, we kula. Ila ukisema baba yangu hajui biashara hapo umemshtaki mtu, na anayeshtaki huwa anaulizwa shahidi.

Nikaanza kumhadithia lumbesa. Mnunuzi anakuja na Fuso, magunia yake, vijana wake, wanajaza mpaka mdomoni, wanashindilia, afu juu wanaongeza kilemba wanakishona kwa kamba, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, mzee anaijua kuliko mimi, ila shambani hana mzani, na mvua ikikolea barabara inakuwa tope tupu, ukimfukuza mwenye gari unabaki na viazi vinaota machipukizi. Hapo elimu ya biashara inakusaidia nini?

Jamaa kanisikiliza mpaka mwisho, afu akaniuliza taratibu: "Umejuaje?"

"Si nyumbani kwetu!"

"Kwenu ni nyumba moja."

Aisee nilikasirika kuliko nilivyokasirika usiku, yaani kanichapa kwa penseli yangu mwenyewe. Na la kuniudhi zaidi ni kwamba Uyole, viazi vinakouzwa, ni daladala moja tu toka hosteli, na sote wawili hatukuwaza kwenda.

Basi mchana tukaenda. Tukamkuta baba mmoja ana mzani mkubwa wa kuning'iniza, tukamwomba atupimie gunia lenye kilemba, akagoma, akajua sisi watu wa vipimo, mpaka tukatoa vitambulisho vya chuo ndo akacheka akaita vijana wanyanyue. Mshale ukafika 100 ukapita, jamaa kainama anausoma kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Nikajiona mshindi. La pili nalo likapita. La tatu, na lenyewe lina kilemba kizuri tu, halikufika 100. Baba mwenye mzani akasema viazi vyake vilikuwa vidogo na vimenyauka, mimi nikatamani tusiliandike hilo, jamaa tayari kashaliandika.

Jioni kaniletea insha mpya. Magunia yote matatu yamo. Umalila imo. "Tafiti zinaonesha" imeondoka. Sentensi ya kwanza bado inaanza na "Ni ukweli usiopingika".

Nimechonga penseli.