Sindano za homoni ya tezi dume na macho makavu: ninavyoyatunza nikiwa Mbeya

Natibiwa saratani ya tezi dume kwa goserelini ya miligramu 10.8, ile punje inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya wiki 12. Joto la ghafla mwilini na mifupa kudhoofika hutajwa kliniki. Macho hayatajwi sana.

Kwenye ukingo wa kope kuna tezi ndogo zinazotoa mafuta ambayo hutanda juu ya machozi yasikauke upesi. Tezi hizo zinategemea homoni ya kiume. Sindano ikiishusha, mafuta hupungua au huwa mazito yakaziba vitundu. Jicho huwasha kana kwamba lina mchanga, na kuona hufifia mpaka upepese. Wengi huchanganywa na machozi kutiririka: jicho likiwasha hujimwagia maji, lakini maji yasiyo na mafuta hayadumu. Anayetokwa machozi kwenye upepo wa Makambako anaweza kuwa na macho makavu. Kiangazi cha huku, baridi kavu na vumbi, huzidisha, na moshi wa kuni ndio usiseme.

Kilichonisaidia zaidi ni kukanda. Kitambaa safi cha pamba, maji ya moto ambayo ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono inayavumilia, macho yamefumbwa, dakika 10. Kwa baridi ya Julai kitambaa hupoa upesi, kwa hiyo chupa ya chai yenye maji ya moto hukaa pembeni na nachovya tena na tena. Kikipoa, mafuta hayayeyuki na kazi yote ni bure. Mara tu baada ya hapo nasugua kwa ncha ya kidole, taratibu: kope ya juu kuelekea chini, kope ya chini kuelekea juu, bila kukandamiza jicho lenyewe. Halafu nafuta ukingo kwa pamba iliyochovywa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Asubuhi na jioni. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na wengi huacha siku ya tatu.

Matone ya kulainisha ninayotumia ni ya kaboksimethiliselulosi asilimia 0.5, hipromelozi ya asilimia 0.3 nayo inafaa. Yenye kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu ndani ya chupa, yasizidi mara 4 kwa siku, kwani kihifadhi chenyewe huwasha. Chupa ikishafunguliwa, naitupa baada ya siku 28. Matone yenye deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, usijinunulie dukani hata kidogo. Wekundu utaisha haraka, ndiyo, huku presha ya jicho ikipanda bila maumivu na mtoto wa jicho akianza. Wanaotumia abirateroni, dawa nyingine ya saratani hii, humeza na prednisoloni, ambayo ni ya jamii hiyohiyo ya dawa, kwa hiyo waombe kupimwa presha ya macho.

Sindano hizi za homoni zinaweza pia kupandisha sukari. Kama uoni unabadilikabadilika, leo safi kesho ukungu, pima sukari kabla ya kulipia miwani.

Jambo ambalo watu hawalitarajii ni tamsulosini, dawa ya kurahisisha mkojo. Hulegeza mboni, na daktari anayetoa mtoto wa jicho akikutana na hali hiyo bila kujiandaa, upasuaji huwa mgumu. Mwambie mapema, hata kama uliiacha zamani. Kuiacha wiki moja kabla hakuondoi tatizo, na mkojo unaweza kuziba. Mimi majina ya dawa zangu zote nimeyaandika nyuma ya daftari la kliniki, na daktari wa macho ndiye wa kwanza kuoneshwa.

Ukavu haufanyi mtu aone vitu viwili ghafla, kope ianguke, jicho lisukumwe nje au giza lishuke kama pazia. Hapo usikande wala usitie matone. Nenda hospitali siku hiyohiyo na useme una saratani ya tezi dume, kwa sababu inaweza kufika kwenye mifupa ya fuvu.