Vivumishi adimu vya Kiingereza: vijifunze kwa ukoo

Ukikariri vivumishi vigumu vya Kiingereza kwa mpangilio wa alfabeti, vitapotea upesi, kwa sababu maneno yanayofuatana kwenye orodha hayana undugu wowote. Yapange kwa ukoo. Matano kwa wiki yanatosha, mradi yote yawe na mwisho mmoja au mzizi mmoja.

Anza na "-acious". Mwisho huu umetokana na Kilatini, nao huonyesha tabia iliyokolea. Kitenzi "loqui", kusema, kimezaa "loquacious", msemaji sana. "Vorare", kumeza, kimezaa "voracious", mlafi. "Pugnare", kupigana, kimetoa "pugnacious", mgomvi, na "tenere", kushika, kimetoa "tenacious", king'ang'anizi. Mkazo wake ni rahisi kwetu: katika yote manne huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili.

Hatari iko kwenye maneno ya "-ulous". "Garrulous" na "credulous" hukazwa silabi ya kwanza, na "meticulous" hukazwa "tic". Mzungumzaji wa Kiswahili huvuta mkazo kwenye "u" bila kujua, na msikilizaji hulikosa neno zima.

Ukoo wa "-ine" ni wa wanyama: "bovine" ng'ombe, "caprine" mbuzi, "leonine" simba. "Asinine" ni wa punda, ila siku hizi maana yake ya kawaida ni -pumbavu.

Asili ya neno husaidia zaidi pale sura inapodanganya. "Enervated" linafanana na "energy", kwa hiyo wengi hudhani ni mtu aliyetiwa nguvu. Lichambue: "e-" ni kutoa, "nervus" ni kano. Aliyetolewa kano amelegea kabisa. "Noisome" nalo halihusiani na kelele. Limetoka kwenye mzizi mmoja na "annoy", na humaanisha kinachonuka vibaya au kinachodhuru.

Lakini asili haitoshi, na "egregious" ndilo ushahidi bora. "Ex" ni nje, "grex" ni kundi la mifugo: aliyejitenga na kundi. Karne ya 16 lilikuwa bado sifa njema, na Kiitaliano mpaka leo kinaandika "Egregio" kwenye barua ya heshima. Katika Kiingereza cha sasa limebaki kwa ubaya tu, likiambatana na "error" au "violation". Ukimsifu mwalimu wako kwa neno hilo umemtukana.

Kwa hiyo kila neno lipewe mstari wenye mambo manne daftarini: mzizi wake, nomino inayoandamana nalo mara nyingi, kama ni sifa au lawama, na sentensi uliyoikuta kwenye gazeti au kitabu. Sentensi ya kujitungia isubiri. Ukiitunga mapema utakariri kosa lako. Rudia baada ya siku 1, kisha 3, kisha 7, ukiwa umeficha maana.

Na usiamini orodha za visawe. Zitakuambia "loquacious" na "garrulous" ni kitu kimoja. La kwanza ni mtu anayependa kuongea, na huenda anaongea vizuri; la pili ni anayebwabwaja mambo yasiyo na maana mpaka anachosha.